Alama Kwenye Baiskeli ya Teng

Jumatatu, 14 Oktoba

Asubuhi mbaya. Upepo wa kaskazini umeanza, na Teng ana baiskeli mpya.

Tulikuwa tumekaa mgahawani kwa Mama Liao, klabu nzima ya baiskeli, pamoja na kinyozi Hung ambaye huja kwa ajili ya kula tu. Chapati za mayai ndiyo kwanza zinatoka jikoni. Mara Teng akatokea kwenye kona. Hakupiga kengele. Baiskeli ile haina kengele. Haina hata sauti! Ilikuja kama paka.

Kaboni, zile nyuzi zinazogandishwa kwa gundi badala ya chuma. Nyeusi tupu, haijapakwa rangi hata tone. Juu yake vanishi tu, inang'aa kama maji, na chini ya vanishi nyuzi zinaonekana zimesukwa kama mikeka ya hapa kwetu Dajia.

Watu waliacha kula. Waliacha kula! Mama Liao alitoka jikoni na mwiko mkononi. Wakaanza kuipapasa. Teng akasema polepole jamani, mikono ina mafuta, akatoa kitambaa mfukoni na kufuta alama za vidole vya kila mtu. Kitambaa laini, cha miwani. Namfahamu huyu bwana tangu tukiwa vijana. Ni mwokaji wa keki za siagi, amestaafu juzi juzi. Sijawahi kumwona akifuta hata pua yake.

Alisema ni zawadi ya binti yake Wan-ju. Alisema na mengine pia, lakini sikusikiliza. Nilikuwa nakodolea macho baiskeli yangu pale ukutani. Ya alumini. Kijani. Inalia kriki kila ninapokanyaga pedali ya kushoto.

Kisha likaja pigo lenyewe. Mama Liao, ambaye ndiye katibu wetu kwa sababu simu yake inapiga picha nzuri, akasema Jumapili tunapanda Mlima wa Fuawe, basi kwa nini Teng asitangulie safari hii? Picha zitapendeza. Wote wakapiga makofi.

Anayetangulia ni mimi! Tangu klabu ianze! Nani mwingine anajua shimo lilipo pale kwenye kona ya makaburi?

Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Ndipo nikaiona. Chini kabisa, karibu na pedali, mahali bomba linapopinda: mstari mdogo mweupe-mweupe, hauzidi punje ya mchele. Nyuzi zimelala upande, kama nywele zilizochanwa kwa haraka.

Nikasema, "Mm."

Basi. Hilo tu. Nikarudi kwenye chapati yangu.

Teng akauliza mm nini. Nikamwambia hakuna kitu, kula ndugu yangu, kula.

Sikusema uongo. Naandika hapa ili ijulikane.

Jumanne, 15 Oktoba

Teng alifika mlangoni kwangu kabla sijapiga mswaki. Macho mekundu. Baiskeli ameishika mkono kama mtoto mwenye homa. Akaniuliza tena, mm nini?

Nikamwambia asijali. Nilijua hilo litamfanya ajali zaidi.

Akaniapisha kwa miaka yote tuliyojuana. Basi ningefanyaje? Nikavuta kigoda, nikavaa miwani, nikaiangalia ile alama kwa muda mrefu. Nikapumua kupitia puani. Nikamwambia kwamba katika miaka yangu yote kiwandani, kiwanda cha baiskeli, kama anavyojua mwenyewe…

"Ulikuwa unafunga maboksi!" Huyo ni mke wangu Su-chin, kutoka jikoni.

Nikaendelea. Nikasema mtu aliyefunga maboksi ya baiskeli ameona baiskeli nyingi kuliko hata aliyezitengeneza, maana za kila aina zilipita mikononi mwake. Teng alitikisa kichwa kukubali. Ana heshima Teng, hilo sikatai.

Nikachukua sarafu. Nikagonga bomba katikati: tok. Nikagonga pale kwenye alama: tk. Nikagonga tena. Tok. Tk. Nikamtazama juu ya miwani. Ni kweli kwamba bomba ni nene pale chini kuliko katikati, na kitu kinene hulia hivyo hata kikiwa kizima. Lakini Teng hakuuliza habari za unene.

Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni ufa. Nikamwambia sijasema ufa. Nikasema tu kwamba chuma hupinda kabla ya kuvunjika, kinakupa salamu kwanza. Kaboni haina adabu hiyo. Uko kwenye mteremko, unapiga mluzi, mara pah!

Nikapiga makofi niliposema pah. Teng aliruka.

Uso ukamwiva kisha ukapauka kama unga uliokandwa. Akanishukuru. Alinishukuru mara nyingi! Kisha akaondoka akiikokota baiskeli kwa miguu, upande wa ukutani, taratibu, kama mtu anayempeleka ng'ombe mgonjwa kwa daktari.

Nimekula mabakuli mawili ya uji wa viazi. Upepo leo si mbaya.

Jumatano, 16 Oktoba

Ushindi! Mama Liao ametangaza kwamba Teng hatakuwepo Jumapili kwa sababu ya magoti, na hivyo Ko atatangulia kama kawaida. Sijaomba. Nimeombwa. Nilikataa kwanza, kwa ustaarabu, kisha nikakubali haraka kabla hawajamgeukia mwingine.

Teng hakufika. Kiti chake kilikuwa kitupu. Lakini habari ya sarafu imeshafika kila mahali, maana mke wa Teng alimnong'oneza mke wa Hung kuwa ni siri.

Sasa kila mtu anataka kugongewa. Mmoja kaleta baiskeli ya kukunja. Mwingine kaleta usukani peke yake. Hung kinyozi, ambaye hana baiskeli, kaleta kiti chake cha kunyolea kwenye mkokoteni. Mama Liao akasema nimwangalizie ile baiskeli kuukuu ya chuma anayopelekea wateja maziwa ya soya. Nikaigonga. Kutu ikadondoka. Nikamwambia hii itatuzika sote. Alifurahi mno, akaniwekea chapati mbili za ziada na mchuzi mwingi wa pilipili.

Mzee mmoja ambaye hata simjui alikunja suruali akaniomba nimgonge goti. Nikamgonga. Tok. Nikamwambia yuko sawa.

Sikujua nina kipaji hiki. Maboksi yalinificha.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kila nikigeuka naona kile kiti cha Teng. Huwa ananimegea kipande cha keki ya siagi anachoficha mfukoni, maana Mama Liao hataki vyakula vya nje. Leo sikupata. Mchana nimejigeuza kitandani bila usingizi. Ni ile pilipili.

Alhamisi, 17 Oktoba

Su-chin karudi kutoka sokoni na magimbi, na uso wa hakimu.

Akaweka kikapu chini. Akaniuliza kama najua lolote kuhusu magoti ya Teng. Nikamwambia ni umri. Akasema ajabu, maana jana kamwona Teng huyo huyo akipanda ngazi za hekalu mbili mbili.

Kisha akakaa kumenya magimbi na kunisimulia aliyoambiwa na Wan-ju huko sokoni, huku akinitazama kila anapokata.

Wan-ju, binti wa Teng, yupo likizo fupi nyumbani. Wan-ju anafanya kazi kwenye kiwanda cha fremu, upande wa msasa na vanishi. Hilo nilikuwa nalijua. Lakini kumbe ile fremu nyeusi aliimalizia yeye mwenyewe! Ilipotoka kwenye kalibu inakoumbwa, nyuzi zilikuwa zimeteleza kidogo pale karibu na pedali. Nguvu haijapungua hata chembe. Walishaipima, ikabeba kila walichoitwika. Ila wanunuzi wa ng'ambo hawataki kuona kitu, wanataka weusi usio na doa kama wino, kwa hiyo fremu ikawekwa kando. Wan-ju akaiomba. Akabaki baada ya kazi, jioni baada ya jioni, akiisugua kwa msasa laini na maji, anapaka vanishi, anasugua, anapaka tena. Kwa sababu baba yake ameoka keki maisha yake yote ili yeye asome, na hakuwahi kujinunulia kitu ambacho hakikuwa kimetumika na mtu mwingine.

Jana, alisema Su-chin, Wan-ju kaikuta baiskeli imesukumwa nyuma ya magunia ya unga, imefunikwa turubai. Kamuuliza baba yake. Kajibiwa magoti. Msichana kageuka. Kaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kisu kikakata gimbi. Ta!

Nikasema masikini. Su-chin akasema ndiyo, masikini. Akaendelea kunitazama.

Mimi nitajuaje mambo haya? Mtu hawezi kusikiliza kila kitu asubuhi kabla ya chapati!

Lakini nimeamua. Kesho naenda kurekebisha. Kwa akili, bila kelele, na bila mtu yeyote kuhitaji kukiri jambo lolote.

Ijumaa, 18 Oktoba

Janga.

Nilikwenda kwa Teng na kifuko cha machungwa. Nikamkuta amekaa peke yake kwenye ile sebule ya chini ambayo zamani ilikuwa duka. Bado inanuka siagi. Turubai limesimama pembeni kama mgeni ambaye hakukaribishwa.

Nikamwambia kwa furaha kwamba nimefikiri upya. Ile ni alama ya juu tu! Ni sura, si ugonjwa. Kama kovu la ndui kwa mtu mwenye afya yake. Apande tu!

Teng alinitazama. Akanishika mkono. Machozi yalimlengalenga.

"Ko," akasema, "wewe ni rafiki wa kweli. Unanifariji."

Nikamwambia simfariji! Akaubana mkono wangu zaidi. Akasema nilivyogonga Jumanne aliuona uso wangu, na uso ule haukuwa wa uongo. Nikamwambia uso wangu ndivyo ulivyo siku zote. Hakusikia. Nikachukua sarafu nimgongee upya, akanizuia, akasema inatosha, asingependa kuisikia tena sauti ile.

Kisha akaniambia lililo moyoni. Anaogopa Wan-ju asije akajua kwamba amempa baba yake kitu kibovu. Itamuua. Kwa hiyo atasema ameacha baiskeli. Lakini hawezi kuiuza, mtu mwingine asije akavunjika shingo. Wala hawezi kuitupa, mtoto wa watu asije akaiokota. Ameazima msumeno kwa fundi seremala. Jumapili asubuhi, sisi tukiwa mlimani na Wan-ju amesharudi kazini, ataikata vipande vipande.

Ataikata!

Nilisema kitu kama "Usikate, Teng." Akasema ameshaamua, na kwamba huko ndiko kujali watu. Akanipa chungwa moja katika yale niliyoleta.

Nilikanyaga pedali kurudi nyumbani na kila kriki ilikuwa kama msumeno. Kwa nini mimi hufanya mambo vizuri kupita kiasi? Mtu mwingine angedanganya nusu nusu, akaaminiwa nusu nusu, na leo mambo yangekuwa mepesi.

Lazima kuwe na njia. Kumwambia ukweli ni njia mojawapo. Natafuta nyingine.

Jumamosi, 19 Oktoba

Niliipata njia asubuhi nikiwa naoga. Rahisi mno! Teng anaogopa alama. Alama ikiondoka, hofu inaondoka. Nitamwambia vanishi mpya hutulia baada ya wiki, kama chai. Hakuna atakayelia, hakuna atakayekata.

Zana: kipande cha msasa nilichokuwa nacho tangu tulipopaka rangi dirisha. Kitambaa. Dawa ya meno ya Su-chin, ile ya kung'arisha, maana nimewahi kusikia inaondoa mikwaruzo.

Wakati: gari la taka. Linapopita jioni na ule muziki wake, mtaa mzima hutoka na mifuko mbio, na mtaa mzima hubaki barabarani ukipiga soga. Milango inabaki wazi.

Muziki ukaanza. Teng akatoka na mfuko. Mkewe akatoka na mfuko. Wan-ju akatoka na ndoo ya mabaki. Mimi nikatoka nyuma ya pikipiki iliyokuwa imeegeshwa, nikaingia, nikapiga magoti, nikajichomeka chini ya turubai.

Giza. Joto. Harufu ya siagi. Nikawasha tochi ya simu nikaishika kwa meno.

Dawa ya meno kwanza. Nikasugua. Alama ikabaki, ikanukia mnanaa. Nikasugua tena. Ilibaki vile vile na pumzi safi. Basi nikachukua msasa. Kidogo tu, nikajiambia. Polepole.

Msasa ule ni wa mbao. Sikuwa nimeigeuza karatasi kusoma.

Mara tatu tu nilipitisha! Ule mng'ao ukaondoka kama mtu aliyeitwa. Pakabaki doa la kijivu, gumu, lenye mikwaruzo, kama mgongo wa samaki aliyekaushwa. Kuanzia pale kwenye pedali hadi karibu na chupa ya maji. Na katikati ya doa, alama yenyewe, imetulia, haijaguswa. Sasa inaonekana vizuri zaidi kuliko zamani!

Nikaongeza dawa ya meno. Sijui kwa nini. Mkono ulikuwa unafanya tu.

Hapo ndipo nikasikia viatu. Wamerudi! Gari la taka lilikuwa limejaa, likaondoka mapema. Nikazima tochi. Nikajikunyata nimekumbatia gurudumu la nyuma.

Walikaa. Nilisikia viti. Nikasubiri wapande juu. Mke wa Teng tu ndiye aliyepanda. Mguu wangu wa kulia ukaanza kufa ganzi.

Wan-ju akasema, "Baba, niambie ukweli. Unaona haya kupanda fremu iliyokataliwa kiwandani?"

Teng akasema haya ya nini, mwanangu, ni magoti.

"Magoti gani? Jana umemkimbilia mwenye kuuza samaki hadi sokoni."

Nikasikia kiti kikisogezwa. Kisha Wan-ju akasema kwamba kama baba hakuipenda angesema tu, asingekasirika, kuliko kuiona imefunikwa kama maiti.

Nilitamani kutoka. Kweli nilitamani. Lakini mtu anatokaje chini ya turubai katikati ya maneno kama hayo?

Teng akashindwa kujizuia. Akamwambia yote. Kuna ufa, mwanangu. Sikutaka ujue. Nimeipenda hadi nikashindwa kulala siku ile ya kwanza, nikashuka chini kuitazama. Lakini ina ufa.

"Ufa? Nani kakwambia?"

"Ko."

"Mjomba Ko?" akasema Wan-ju. "Mjomba Ko wa maboksi?"

Sikupenda namna alivyolitamka.

Ndipo akaanza kucheka, nusu anacheka nusu analia, akasema ile ni nyuzi zilizoteleza kwenye kalibu, haina neno, pale pale amepasugua yeye mwenyewe kuliko mahali pengine popote. "Njoo nikuonyeshe, Baba. Njoo upashike."

Nilimwomba Mungu wa Kike wa Bahari. Nilimwahidi ubani na nguruwe wa kuchoma. Labda upepo ulikuwa mkali, hakusikia.

Turubai likanyanyuka.

Nilikuwa nimechuchumaa. Simu mdomoni. Msasa mkono mmoja, dawa ya meno mkono mwingine.

 Mke wa Teng alishuka ngazi, akaona, akapanda tena.

Mwishowe Teng akauliza, kwa upole kabisa, "Ko. Unaipiga mswaki baiskeli yangu?"

Nilitoa simu mdomoni nikasema nilikuwa napita. Nikajaribu kusimama. Mguu haukuwepo. Nikaanguka chali na baiskeli ikanilalia juu. Ni nyepesi sana, lazima niseme. Haikuniumiza hata kidogo.

Wan-ju akainyanyua baiskeli. Akaliona doa. Akapitisha kidole pale palipokuwa na vanishi yake ya jioni baada ya jioni, kidole kikarudi cheupe, akakinusa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Teng hakulitazama doa. Alinitazama mimi. Nikaona mambo yanaungana kichwani mwake, moja baada ya jingine: mm, sarafu, Jumapili, nani atangulie.

"Ningeikata kesho," akasema. "Kwa msumeno, Ko. Nilishaazima msumeno."

 Nikasema upepo leo ni mkali.

Nikaondoka nikichechemea. Nimefika nyumbani. Su-chin kaniuliza dawa yake ya meno iko wapi. Imebaki kule.

Jumapili, 20 Oktoba

Sikutaka kwenda. Su-chin akanitoa nje kwa ufagio.

Wote walikuwa wameshajua. Mama Liao hakunikaribisha, alinisogezea tu bakuli la maziwa ya soya yaliyopoa. Hung akanyoosha goti akaniuliza kama bado naona wagonjwa. Walicheka hadi mmoja akapaliwa. Kisha kila aliyepita akanigonga kichwani kwa sarafu na kusema tk.

Teng alikuja na baiskeli nyeusi. Doa limo. Wan-ju kasema halina madhara, aipande tu leo, siku ya mapumziko yake ijayo atakuja na vifaa na kuipaka upya mbele ya baba yake. Teng hakuliziba doa kwa kitambaa wala gundi. Mtu akiuliza anasema, "Rafiki yangu alinisaidia kuisafisha."

Ni bora angenipiga.

Alitangulia. Kwenye mwinuko wa kupanda Fuawe walinipita wote, hata Mama Liao na baiskeli yake ya kutu. Kriki, kriki, mimi peke yangu na makaburi. Shimo nililolijua mimi tu, niliingia mimi tu.

Nilipofika kona ya mwisho nikamkuta Teng amesimama. Wengine wameshafika juu. Alikuwa ananisubiri, mguu mmoja chini, upepo unampeperusha koti. Nikashuka nikijiandaa kutukanwa.

Akatoa mfukoni kipande cha keki ya siagi. Akakimega. Akanipa kidogo, kile kidogo zaidi, lakini akanipa.

Tukala. Akaniuliza ilikuwa ya nini yote ile. Sikuwa na pumzi ya kutunga kitu. Nikamwambia nilitaka kuwa mbele.

Akatafuna. Akasema, "Ungesema tu. Mimi mbele kunanitisha. Wewe ndiye unayejua njia."

Nikakohoa. Ilikuwa keki, ni kavu ile. Nikasema samahani, Teng. Nilisema kweli, kwa sauti, ingawa upepo ulikuwa unavuma na siwezi kuapa kwamba alisikia maneno yote. Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia nimpe samahani hiyo Wan-ju pia, maana kazi ile ya mikono ni yake.

Kisha akapanda juu ya ile baiskeli na akaondoka bila sauti. Ningekuwa mbali naye hatua chache tu kama pumzi ingekuwepo. Haikuwepo. Nilikula vumbi hadi kileleni.

Kwenye picha ya Mama Liao mimi ni ule mkono wa upande wa kushoto.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa msasa. Msasa wa mbao hautumiki kwenye kaboni. Somo kubwa. Nimelipokea kwa unyenyekevu.

Na nimeona jambo jingine. Nilihangaika na baiskeli ya mtu wakati baiskeli yangu iko hapa hapa!

Katika duka la mapambo ya pikipiki, nyuma ya soko, wanauza karatasi ya plastiki yenye gundi. Imechapwa nyuzi nyeusi zilizosukwa. Ukiitazama kwa mbali ni kaboni. Ukiitazama kwa karibu ni kaboni ukiwa umevua miwani. Unaikata, unaibandika kwenye bomba, unaipuliza kwa hewa moto ya mashine ya kukaushia nywele ili ijivute. Nimeshaazima ya Su-chin. Hajui bado.

Bomba la juu limekamilika. Lina vilengelenge kidogo, lakini nimevichoma kwa sindano, sasa ni vilengelenge vyenye matundu. Ile kijani inachungulia kwenye pembe. Nitaipaka wanja.

Jumapili nitawaambia imetoka Italia, kwa mpwa wangu. Sina mpwa Italia, lakini nani atauliza? Wote hawa hawajui kutofautisha kaboni na kasha la redio. Mwenye jicho ni mmoja tu.

Kwa hiyo leo nimemwuliza Teng, kwa sauti ya unyonge, kama Wan-ju anaingia kazini Jumapili. Akaguswa sana. Akanishika bega, akasema anaona nimebadilika, bila shaka nataka kumpelekea msichana keki ya kumwomba radhi. Nikainamisha kichwa.

Yuko zamu, kutwa nzima. Nimeuliza mara mbili.